Mwaka Nilioandika Lebo za Nyoka

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Nzioka kwao Mukuyuni. Kwa saa tatu nzima nilikaa chini ya hema, kwenye kiti cha plastiki, nikisikiliza watu wakimsifu. Kila aliyeshika maikrofoni alisema marehemu alipenda wanyama. Mchungaji alisema Mungu alimpa Adamu kazi ya kuwapa wanyama majina, na kwamba hapa Makueni kazi hiyo iliendelezwa na Mwalimu. Mwanafunzi wake mmoja, sasa mtu mzito mwenye tai na tumbo, alisema marehemu aliipeperusha bendera yetu ng'ambo, kwenye maonyesho ambako wazungu hununua nyoka wa kufuga nyumbani kama vile sisi tunavyonunua vifaranga. Watu wakapiga makofi. Kando yangu alikuwa ameketi Mama Ndanu, ambaye nilifanya kazi naye kwa Mwalimu tukiwa vijana, na ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mingi. Hakupiga makofi. Mimi pia sikupiga. Mwendesha shughuli aliponiona akatangaza, "Tunaye hapa Sista Mutheu, aliyefanya kazi na marehemu kwa karibu, atuambie maneno mawili." Nilitikisa kichwa. Maneno yangu hayakuwa mawili, na hayakuwa ya kusemwa mbele ya jeneza la mtu na wajukuu wake. Lakini sitanyamaza pia. Marehemu hasemwi vibaya, wanasema, na kwa sababu hiyo walio hai wanaendelea kudanganywa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na sikuwa na kazi. Mwalimu Nzioka alikuwa ametufundisha bayolojia na Kiingereza tukiwa kidato cha kwanza, kisha akaacha ualimu na kuanzisha shamba la nyoka karibu na Kambu, ndani kidogo kutoka barabara ya Mombasa. Leseni yake ilikuwa imetundikwa ukutani ndani ya fremu ya dhahabu: alikuwa ameruhusiwa kuzalisha nyoka na kuuza watoto wao nje ya nchi. Alinikuta sokoni Jumamosi moja, akanisalimia mbele ya watu kwa jina langu kamili, akasema, "Mutheu, wewe ulikuwa na mwandiko mzuri kuliko darasa zima. Nina kazi inayotaka mwandiko." Ni vigumu kumweleza kijana wa leo jinsi maneno hayo yalivyonijaza. Mwalimu alikuwa Mwalimu. Alipopita, wanaume wazima waliondoa mikono mifukoni.

Nyumba ya nyoka ilikuwa ndefu, ya mawe, iliyokuwa ya kuku hapo zamani. Ndani yake masanduku ya mbao yenye vioo yalipangwa kutoka sakafuni hadi kimo cha kichwa changu, kila sanduku na mchanga wake na kisahani chake cha maji. Jenereta ilikuwa nyuma, na kazi yake ilikuwa kuendesha friji moja na feni nne. Feni zilikuwa za nyoka. Februari ya Kambu, jua linapopiga hadi mbwa wanachimba mashimo wajilaze, nyoka walipepewa, na sisi tulikula chakula cha mchana chini ya kivuli cha tangi la maji. Chumba cha pili kilikuwa cha panya weupe, chakula cha nyoka. Panya walipewa mahindi yaliyochaguliwa na maziwa ya unga. Chumba cha tatu, cha mabati, kilikuwa chetu, mimi na Mama Ndanu. Tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na ndengu, asubuhi tulipasha moto kilichobaki, na siku nyingi Mama Ndanu alichota kijiko kimoja cha maziwa ya panya akatia kwenye chai yangu. "Hao hawatasema," alikuwa akiniambia. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mjane, mwenye binti mmoja aliyemwacha kwa bibi yake Kanyangi. Alicheka kwa sauti kubwa na hakuogopa kitu chochote chenye magamba. Kazi yake ilikuwa kulisha na kuosha masanduku. Kazi yangu ilikuwa kuandika.

Niliandika lebo. Kila nyoka aliyesafirishwa alikuwa na kikaratasi chake: aina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, na chini yake, kwa Kiingereza, kwamba amezaliwa hapa hapa shambani na hajawahi kuishi porini. Wiki ya kwanza niliandika kwa fahari, herufi zikiwa zimenyooka kama askari. Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, watu wa Kanyangi wakaja. Walikuja na mifuko ya kitambaa na magunia ya sukari yaliyofungwa kamba, wakaketi kwenye mstari nje ya ofisi, na ndani ya mifuko mlikuwa na nyoka wa mchangani, wale wafupi wanene wenye mabaka ya rangi ya chungwa, wasio na sumu, wanaojifukia kwenye mchanga wa mito yetu iliyokauka. Wengine walileta vifutu, nyoka mnene mwenye sumu anayevimba na kufoka, wamewabana vichwa kwa mti wa panda. Mwalimu aliwapokea wote. Jioni ile aliniletea orodha.

"Mwalimu," nikasema, "hawa si wameletwa leo?"

"Mutheu, alizaliwa, hakuzaliwa?"

"Alizaliwa."

"Wapi?"

"Sijui. Mchangani huko."

"Basi kama hujui, usibishe. Andika."

Nikaandika. Kuna jambo ambalo hasira yangu haipaswi kulificha: niliandika mwaka mzima karibu. Shambani palikuwa na nyoka jike mmoja tu wa mchangani aliyezaa kweli, aliyezaa watoto kumi na mmoja mwezi wa tatu. Hao kumi na mmoja walionyeshwa kila mgeni. Wageni waliinama kwenye kioo, wakasema "ooh", na Mwalimu akapiga kifua. Kwenye karatasi, watoto hao kumi na mmoja walikuwa wazazi, ndugu na binamu wa kila nyoka aliyetoka Kambu mwaka ule. Siku moja nikiwa ofisini kuchukua wino, nilimsikia nyuma ya ukuta wa mbao akizungumza na mnunuzi mmoja aliyetoka mbali, chai ikimiminwa. Mnunuzi alisema wateja wake siku hizi wanauliza sana, hawataki mnyama aliyeibwa porini, wanataka karatasi. Mwalimu akacheka polepole. "Karatasi?" akasema. "Nina msichana anayeandika karatasi nzuri kuliko serikali." Wakacheka wote wawili. Nilisimama pale na chupa ya wino mkononi, na aibu inayonichoma hadi leo ni kwamba sehemu ya moyo wangu ilifurahi kusifiwa.

Ndoano ya kushikia nyoka ilikuwa moja tu, fimbo ya chuma yenye ncha iliyopinda, na ilikaa kwenye gari la Mwalimu kwa sababu aliitumia kuwaonyesha wageni. Mama Ndanu aliomba ya pili tangu Januari. "Utatengenezewa," Mwalimu alikuwa akisema. Aliomba Machi. Aliomba Mei. Aliosha masanduku ya vifutu kwa kipande cha mti wa ufagio. Mwezi wa sita, Jumamosi, saa nne asubuhi, nilikuwa nje nikianua mifuko nikasikia akisema "Aiyaa," si kwa nguvu, kama mtu aliyemwaga uji. Nilipoingia alikuwa amekaa sakafuni ameushika mkono wake wa kushoto, na kwenye kidole cha pili palikuwa na matundu mawili madogo, safi, kama ya sindano. Kifutu alikuwa amesharudi kwenye kona yake. Mama Ndanu alilifunga sanduku kwanza, kwa mkono ule wa kulia, ndipo akaniambia, "Mwite Mwalimu. Aje na dawa ya friji."

Tulijua kuna dawa. Kila mgeni alionyeshwa friji ile: chupa nne ndogo za dawa ya sumu ya nyoka, kwenye kisanduku cheupe, chini ya kufuli. Leseni haikutolewa bila dawa hiyo kuwapo. Nilikimbia ofisini. Mwalimu alisimama, akavaa miwani, akaja. Aliuangalia mkono. Tayari ulikuwa umeanza kuvimba na ngozi inang'aa. Akafunga mpira wa baiskeli juu ya kiwiko akakaza, akatoa mfukoni jiwe jeusi, lile la kunyonyea sumu kama waganga wanavyosema, akalibandika kwenye kidole.

"Mwalimu, dawa," nikasema.

"Tulia."

"Mwalimu, dawa iko kwa friji. Nipe ufunguo."

"Mutheu, ile ni dawa kali, inaweza kumwua. Nyoka huyu hakumwuma sana. Tungoje tuone."

Mama Ndanu alimtazama. "Mwalimu," akasema kwa heshima, kwa sababu hata katika hali ile alikuwa na heshima, "mimi ninasikia moto mpaka kwapani. Nipeleke hospitali basi, gari liko hapo."

"Tungoje kidogo," akasema Mwalimu. "Ukienda huko wataandika, watauliza maswali. Kunywa Panadol."

Tulimlaza kwenye chumba chetu, tukangoja. Saa tatu zilipita. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka zaidi ya thelathini, nimewapokea wakulima walioumwa wakichimba, watoto walioumwa wakilala, na kila mara mlango unapofunguliwa nahesabu saa tangu kuumwa, na kila mara narudi kwenye zile tatu. Sasa najua mpira ule wa baiskeli ulifungia sumu mahali pamoja iuozeshe mkono. Najua jiwe ni jiwe. Wakati ule sikujua. Nilijua tu kwamba mtu aliyenifundisha sehemu za moyo, aliyechora ubaoni mishipa kwa chaki nyekundu na ya samawati, alikuwa ameketi kwenye kiti akitazama mishipa ya mtu ikiharibika, na ufunguo uko mfukoni mwake.

Aliyemwokoa ni Abdi. Abdi alikuwa dereva wa lori la mbuzi, mtu wa Garissa, aliyezoea kusimama kwetu kujaza maji ya mifugo kabla ya kushuka Mombasa. Aliingia na mtungi wake, akanikuta nalia, akaenda kuchungulia chumba cha mabati. Mkono wa Mama Ndanu ulikuwa mkubwa kama paja, na mweusi kwenye vidole. Abdi hakumsalimia Mwalimu. "Nyinyi mnangoja nini?" akauliza. "Mnangoja afe ndio mpige simu?" Mwalimu akaanza kueleza habari za dawa kali. Abdi akamkatiza, "Mzee, huko kwetu hata ngamia hatumfanyii hivi." Akambeba Mama Ndanu kama mtoto, akamweka kiti cha mbele, nikapanda kando yake, na mbuzi wakilia nyuma tukaenda mpaka hospitali. Wiki sita alikaa huko. Walimkata vidole viwili, na kiganja na kifundo vilivyobaki vikakauka na kujikunja kama mguu wa kuku. Mwalimu alikuja mara moja, na machungwa.

Ningeondoka siku ile, kisa hiki kingekuwa cha heshima zaidi. Sikuondoka. Mwalimu aliniita Agosti akaniambia tunaenda Ulaya, kwenye maonyesho ya nyoka na mijusi, mimi na yeye, na kwamba safari ikifaulu atamtunza Mama Ndanu maisha yake yote. Alinionyesha pasipoti yangu, imeshatoka. Nilijiambia naenda kwa ajili yake. Kweli nyingine ni kwamba nilitaka kupanda ndege.

Maonyesho yalikuwa kwenye ukumbi mkubwa kama wa mnada, meza baada ya meza, na juu ya meza vikopo vya plastiki vyenye vifuniko vilivyotobolewa, kama vile vya kuwekea saladi, na ndani ya kila kikopo nyoka amejikunja. Watu walikuja na familia. Watoto walikula viazi vya kukaanga wakichagua. Wafugaji, wengi wao watu wa kawaida tu, wazee na wanawake waliozalisha nyoka kwenye vyumba vyao vya ziada, walisimama nyuma ya meza na kueleza kwa subira: huyu anakula panya mmoja kwa wiki, huyu anataka joto upande mmoja wa sanduku, huyu anaishi miaka ishirini, je, utakuwa naye miaka ishirini? Nilishangaa. Nilikuwa nimedhani wote ni wezi kama sisi. Mwalimu alinivalisha leso na shanga, akanipa kiondo nishike, mimi ambaye Kambu nilivaa sketi na raba. Juu ya meza yetu akatundika picha ya wale watoto kumi na mmoja.

Akaja mama mmoja na binti yake wa miaka kumi hivi. Binti alikuwa ameweka akiba yake mwaka mzima anunue nyoka. Akamwona jike mmoja wa mchangani, mwenye rangi ya chungwa iliyokolea, akamtamani. Mama yake akasoma lebo, herufi zangu zilizonyooka, kisha akaniangalia mimi, si Mwalimu.

"Ni wewe uliyeandika?"

"Ndiyo, mama."

"Nimekuja kununua kwa mfugaji, nimwone kwa macho," akasema. "Dukani sikutaka. Binti yangu ameapa hatachukua mnyama aliyetolewa kwao. Naomba uniambie. Huyu alizaliwa kwenu?"

Nilihisi macho ya Mwalimu upande wa shavu langu. Yule msichana alikuwa ameshika kikopo kwa mikono miwili. Nyoka yule nilimjua. Aliletwa na mzee mmoja ndani ya gunia la sukari, siku mbili kabla ya Mama Ndanu kuumwa.

"Hapana," nikasema. "Alichimbwa kwenye mchanga wa mto, Kanyangi, mwezi wa sita. Hawa wote walichimbwa. Lebo ni uongo. Niliuandika mimi."

Mwalimu alicheka, akasema msichana huyu Kiingereza chake si kizuri. Nikarudia, polepole, kwa Kiingereza alichonifundisha yeye. Mzee wa meza ya pili, mfugaji mwenye kifaa cha kusikilizia sikioni, alisimama akaja. Alimtoa nyoka kwenye kikopo kwa mikono taratibu sana, akamgeuza chini ya mwanga, akainua magamba ya chini ya kidevu kwa ukucha. Palikuwa na kupe, na kidonda cha zamani kilichopona vibaya. "Miaka mitatu nimenunua kwako," akamwambia Mwalimu. "Watu wananiamini mimi. Nimewaambia watu hawa ni wa kuzaliwa." Alikimbia kuchukua daftari lake, akaniwekea mbele, kila mtoto wa nyoka, mama yake, siku aliyozaliwa, siku alipokula mara ya kwanza, miaka na miaka ya mwandiko mbaya na wa kweli. Nililisoma nikaona haya. Ndani ya saa moja wenye maonyesho walikuwa wameifunika meza yetu kwa kitambaa cheupe na kuwachukua nyoka. Kwenye ndege Mwalimu alizungumza mara moja tu. "Nilikupa Kiingereza," akasema, akitazama mbele, "ukakitumia kunichinja."

Wenye maonyesho waliandika barua, na baada ya wiki tatu maafisa wa serikali walifika Kambu na magari mawili. Waliniita niwasomee madaftari ya shamba. Walibeba masanduku yote. Walipofika kwenye friji, Mwalimu akatoa ufunguo bila kuombwa mara mbili. Afisa mmoja mwanamke alichukua chupa moja, akaigeuza, akanionyesha tarehe. Dawa ilikuwa imekwisha muda wake miaka miwili nyuma, kabla hata sijaajiriwa. Mwalimu alijua. Jumamosi ile, Mama Ndanu ameketi sakafuni, alijua hana dawa, na angeweza kusema, "Dawa imeharibika, ingieni kwenye gari," na mkono ungepona. Alichagua saa tatu za kungoja ili asiseme sentensi hiyo moja. Nilimtazama, na yeye akaangalia feni. Hata leo, nikiwa mtu mzima, muuguzi, Mkristo ninayesali sala ya kusamehe kila Jumapili, nikifika hapo nashindwa kumsamehe. Hakufungwa. Leseni ilichukuliwa, akarudi Mukuyuni, akafungua duka la vitabu vya shule, na baada ya muda watu wakaanza tena kutoa mikono mifukoni alipopita.

Nilienda Kanyangi kumwambia Mama Ndanu. Njiani wale wachimbaji wa Alhamisi walinijua. Mmoja wao, yule yule mzee wa gunia la sukari, alisimama katikati ya njia akaniuliza nimewafungia soko ili watoto wao wale nini, mchanga? Nikamzunguka, nikaendelea na njia. Mama Ndanu nilimkuta jikoni, kwenye kigoda, ungo wa ndengu mapajani, akizichambua kwa mkono mmoja. Nilimweleza kila kitu. Nilimweleza ukumbi, binti na akiba yake, mzee na daftari, kupe, kitambaa cheupe, friji, tarehe. Nilieleza kwa mbwembwe, nasema ukweli, maana nilikuwa nimeyarudia neno kwa neno njia nzima, na nilikuwa nangoja anikumbatie.

Aliendelea kuchambua.

"Huyo mama mzungu," akasema mwishowe, "alikuuliza nyoka ametoka wapi?"

"Ndiyo."

"Ukamwambia."

"Nikamwambia yote."

"Alikuuliza ni nani aliyekuwa akimlisha huyo nyoka? Akimwoshea sanduku?"

"Hapana. Hakuuliza."

"Na wewe, ulimwambia?"

Moto ulikuwa umefifia, na kuku mmoja aliingia akatoka. Nilikuwa nimesimama mbele ya ukumbi mzima wa watu wenye huruma, nikawa na neno la mchanga, neno la mto, neno la kupe na la kidonda kilichopona vibaya. Nilikuwa nimemtetea nyoka.

"Sikumwambia," nikasema.

Mama Ndanu aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyethibitisha alichokuwa akikijua. Hakunifukuza. Alinyanyua ungo kutoka mapajani, ukayumba, ndengu chache zikamwagika sakafuni.

"Basi njoo upepete," akasema. "Mimi siwezi tena."

Nikaupokea.